Je, kuwashirikisha wapokea posho kunasaidia? Niliyoyaona Glasgow

Mleta uzi, umeuliza kama kuwaita walengwa kwenye vikao vya kurekebisha mfumo wa ruzuku ya kaya maskini huko nyumbani kuna maana, au ni kuwapiga picha tu ili ripoti ya mradi ipendeze. Nimewahi kukaa upande wao wa meza, ngoja nikusimulie.

Mimi ni mtu wa Tanga, Glasgow nina miaka ishirini na ushee. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, kuwanyanyua, kuwaogesha, kuwageuza kitandani. Baridi yabisi ikaingia viganjani na magotini, kazi ikaishia hapo. Mwaka 2015 nikaomba PIP, posho ya Uingereza ya watu wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu. Unajaza fomu nene kama daftari, kisha unaitwa kwa mtathmini wa kampuni binafsi, naye anakupa alama. Alama 8 unapata kiwango cha kawaida, 12 cha juu. Za kujihudumia zinahesabiwa mbali na za kutembea.

Mimi niliambulia 2. Nikueleze nyingine zilikopotelea, maana jibu lako limo humo. Mtathmini alinipokea mlangoni akaniuliza habari yangu. Mtu wa pwani anajibu nini? Nzuri! Hata nyumba ikiwa inaungua unaanza na nzuri, habari za moto zinafuata. Kwenye ripoti ikaandikwa kwamba mwombaji amesema yu mzima. Halafu kwenye fomu kulikuwa na swali kama naweza kupika mlo mwepesi. Nikaweka ndiyo. Nimelelewa Ngamiani, Tanga, leo niandike kwa mkono wangu kwamba siwezi kupika? Ukweli ni kwamba mwiko wa ugali nilishamwachia binti yangu, na nilishawahi kudondosha sufuria la maji ya moto nikaunguza mguu. Lakini ndiyo ilishawekwa, na ndiyo haina maelezo.

Nikakata rufaa. Baraza la rufaa za PIP lina watu watatu: hakimu, daktari, na mtu wa tatu anayeujua ulemavu kwa maisha yake au kwa kazi yake. Huyo wa tatu, mzee mmoja mwenye kiti cha magurudumu, aliniuliza swali moja tu: "Mara ya mwisho kumenya kitunguu mwenyewe ilikuwa lini?" Nikakaa kimya, kisha nikalia. Nilishinda. Kurasa zote zile hazikufika mahali alipofika mzee yule kwa kitunguu kimoja.

Sasa ndipo tunafika kwenye swali lako. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2016 ilihamishia Uskoti, ambako ndiko Glasgow iliko, mamlaka juu ya baadhi ya mafao, yakiwemo ya ulemavu. Serikali ya Uskoti, iliyoko Edinburgh, ilitakiwa kujenga mfumo mpya, na mwaka 2017 ikaanzisha majopo iliyoyaita Experience Panels, ya watu waliowahi kupokea mafao hayo au kumsaidia mtu kuyadai. Walijiandikisha zaidi ya 2,400. Barua yangu ya mwaliko niliiweka chini ya kopo la sukari siku nne. Nilidhani ni mtego, wananichunguza kama kweli naumwa.

Nikaenda. Chai, biskuti, ukuta umejaa vikaratasi vya rangi. Walichouliza mwanzo hakikuwa pesa, kilikuwa barua. Hapo ukumbi mzima ukachangamka kwa hasira, kisa bahasha ya kaki. Kule kwetu bahasha ya kaki mnajua ni ya nini, anayeipokea hutabasamu. Uingereza bahasha ya kaki ndiyo inayokuletea habari kwamba posho imekatwa, watu hutetemeka kuifungua, wengine hawaifungui kabisa. Leo za kwangu kutoka Social Security Scotland, wakala mpya wa mafao wa Uskoti, zinakuja nyeupe. Utaona ni jambo dogo. Mwenye kuacha barua bila kufunguliwa mpaka mwezi wa rufaa ukapita hataliona dogo.

Yalikuwepo na makubwa. Sheria ya Uskoti ya 2018 ilipiga marufuku kampuni binafsi kufanya tathmini hizo. Hati inayoeleza mtu atarajie nini kutoka kwa wakala, iliyotoka Januari 2019, iliandikwa pamoja na kikundi cha watu wa majopo, na inasomeka kama maneno ya watu. Posho iliyochukua nafasi ya PIP, Adult Disability Payment, ilienea Uskoti yote Agosti 2022, na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona anaweza kupewa bila tarehe ya mwisho. Hakuna tena kuitwa kila baada ya miaka michache kuthibitisha kwamba mguu uliokatwa haujaota.

Lakini usiondoke hapa ukishangilia. PIP ina kanuni ya mita 20: ukiweza kutembea zaidi ya hapo, salama na tena na tena, kiwango cha juu cha kutembea kinakuwa kigumu kupata. Posho iliyokuwepo kabla ya PIP ilitazama mita 50. Watu waliilalamikia kanuni hii kupita kitu kingine chochote, na posho mpya ilipokuja, mita zile 20 zikabaki. Sababu iliyotolewa ni kwamba kwanza watu wahamishwe salama kutoka PIP, vigezo visitofautiane kati ya waliohamishwa na wapya. Sawa, ina mantiki yake. Ila linganisha na posho ya watoto ya Uskoti: ilianza Februari 2021 kwa pauni 10 kwa wiki, Aprili 2022 ikawa 20, Novemba mwaka huohuo 25. Kilichosukuma hapo ni kampeni za mashirika yaliyopiga kelele hadharani. Kwa hiyo tathmini yangu ni hii: jopo linabadilisha fomu, barua, lugha, namna ya kumwuliza mtu. Kigezo na kiasi vinataka kelele za nje ya ukumbi. Ukiwaahidi walengwa vyote viwili hawatarudi mara ya pili.

Halafu wapo wasioingia ukumbini kabisa. Ndugu zetu wengi hapa wana viza zinazosema hawana haki ya fedha za umma. Hao hawajawahi kupokea, kwa hiyo uzoefu wao wa kukosa haukuwa na kiti.

Kwa huko nyumbani, mdogo wangu, tatizo lenu la kwanza ni hadhara. Majina ya kaya maskini yanapendekezwa kwenye mkutano wa kijiji, jirani anakusikia, mtendaji yupo, diwani yupo. Ukimwuliza mama wa watu hapohapo kama ruzuku inamfikia vizuri, atakujibu nilivyomjibu mtathmini: nzuri. Mfuate nyumbani, au kaeni wanawake wenyewe kwa wenyewe. Nauli mpe kabla ya kikao, usimwambie atarudishiwa. Mwambie mapema lipi linaweza kubadilika na lipi limeshaamuliwa juu. Na ukishamaliza rudi ukamwonyeshe kilichobadilika, hata kama ni bahasha.

Maswali yako ukishayaandika yaweke hapa. Nitayasoma nikimkumbuka mzee wa kitunguu.