Kiingilio, na wale wa safu ya mbele

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama msimu wa tamthilia za wanafunzi wa uzamili wa sanaa za maonyesho utozwe kiingilio au uwe bure. Nilisoma swali nikaliweka kando, usiku likanirudia. Nitajibu, ila naomba nianze na lililo nyuma yake: yale maonyesho ni ya nani?

Jibu lililonijia kwanza lilikuwa fupi. Yawe bure. Mwanafunzi anayeongoza tamthilia ili apate shahada yuko kwenye mtihani, na hakuna mtihani unaouziwa tiketi. Sisi tunaokwenda kukaa pale tunamsaidia tu asiigize mbele ya viti vitupu. Nilikuwa na hakika na hilo mpaka nilipoanza kuandika barua hii.

Mpwa wangu alishika taa katika msimu mmoja wa namna hiyo. Tamthilia nne, jukwaa moja, kila moja siku tatu, na usiku wa mwisho wa kila moja mandhari yote hubomolewa ili wenzao waingie asubuhi. Ya tatu ilikuwa Antigone ya Sophocles, yule msichana anayemzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme Creon na kuhukumiwa kifo. Tamthilia ina zaidi ya miaka 2,400. Sophocles aliyaacha mazishi nje ya jukwaa, akamwachia mlinzi ayasimulie. Mwongozaji wetu aliamua tuyaone. Antigone akaingia na bakuli, akapiga magoti, akanyunyiza vumbi jeupe juu ya shuka, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Lile vumbi lilikuwa chaki iliyotwangwa. Lilipanda kwenye mwanga wa mpwa wangu likakaa hewani muda mrefu, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Nilikaa safu ya pili. Ya kwanza walikaa watahini watatu, kila mmoja na karatasi mapajani na tochi ndogo iliyobanwa juu yake. Taa za ukumbi zilipozimwa, zile tochi zilibaki zinawaka. Vumbi likiwa bado hewani, nikasikia kalamu.

Kisha Creon akasahau. Alikuwa anabishana na mwanawe Haemon, akafungua kinywa, pakawa hapana neno. Niliyajua maneno yake kwa sababu nilihudhuria mazoezi mara mbili kumpelekea mpwa wangu koti. Pengine ukumbini hakuna aliyegundua mapema. Mmoja wa wale wazee wa Thebes, mji wa Creon, ambao katika tamthilia hii ndio kundi la waitikiaji, msichana aliyepaka nywele chaki, alisogea hatua mbili na fimbo yake, akauliza kwa sauti ya chini: "Mfalme, mwanao amekuuliza mji huu ni wa nani. Utamjibuje?" Swali hilo halimo kwenye mswada. Creon akamgeukia, akamtazama kama mtu aliyetolewa majini, akajibu, na jibu lake likawa na hasira ya kweli ambayo sikuisikia kwenye mazoezi. Mtahini wa katikati akainama, akaandika.

Aliandika nini? Kwamba mwigizaji alisahau, au kwamba mwenzake alimwokoa bila mchezo kupasuka? Nimekaa na swali hilo muda wote huu. Mpwa wangu anasema yule Creon alipewa alama ya chini ya "kumiliki mswada", na huyo mzee wa Thebes hakutajwa popote. Sikuiona karatasi, nasema nilichoambiwa.

Baada ya onyesho nilimkuta Antigone amekaa sakafuni na nyundo, uso bado mweupe, ananyoosha misumari iliyong'olewa kwenye jukwaa la mfalme. Mmoja mmoja, juu ya kipande cha chuma, kisha ndani ya kopo. Fedha za msimu zilikuwa zimekwisha, na tamthilia ya nne ilihitaji misumari. Wiki ile ya nne walicheza kichekesho, na kila walipokanyaga kwa nguvu, chaki ya mazishi ilitoka kwenye nyufa za mbao.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipoanza kulegea. Nilikuwa naona aibu ya kuwalipisha watu mtihani, wakati hata Athens ya Sophocles tamthilia zilishindanishwa mbele ya waamuzi kumi, mmoja kutoka kila kabila, na si kura zote zilizohesabiwa. Watu walilipa kuingia, na baadaye mji ukaweka mfuko wa kuwasaidia raia maskini kulipa. Kuhukumiwa na kulipiwa viliishi pamoja. Najua pia ule mfano wa upande wa pili: wanafunzi wa Makerere walipoanza mwaka 1965 kuzunguka na michezo yao mijini na vijijini bila kiingilio, watu ambao hawajawahi kuona ukumbi waliona tamthilia. Nauheshimu sana. Lakini wao waliwafuata watazamaji walipo. Sisi tunawangoja waje kwenye ukumbi wa chuo, halafu tunawaketisha nyuma ya tochi.

Basi nasema kitozwe, ingawa nilianza kwa kukataa. Kiwe kidogo, asiye nacho aingie bila kuulizwa maswali mlangoni, na fedha ziingie kwenye mfuko wa msimu, zisipotelee kwenye akaunti kuu ya chuo. Hili la mwisho likishindikana, nafuta yote niliyosema, yawe bure. Watahini wahamie safu ya nyuma, waone mgongo wa hadhira pamoja na jukwaa, maana hadhira nayo ni sehemu ya wanachokipima. Na usiku ule wanaokuja wao na karatasi zao, sisi wengine tusilipe chochote. Usiku huo sisi tuko kazini pamoja na wale vijana.