Fundi wa nyumba: maoni ya mtandaoni au kuulizia watu?

Dada, umeuliza fundi wa kukarabati nyumba umtafute kwa kusoma maoni mtandaoni au uulizie watu unaowajua. Mi ningeanza na watu, ila sio yeyote tu anayekwambia yupo fundi mzuri, muulize alimfanyia kazi gani na lini, maana mtu aliyeezekewa paa wiki iliyopita hawezi kujua kama linavuja, hilo linajulikana mvua zikishanyesha. Omba ukaone kwa macho kazi ya mwaka jana hivi, gusa kuta, fungua bomba, chungulia chini ya sinki. Maoni ya mtandaoni usiyadharau, lakini nyota tano tupu zilizoandikwa siku moja na maneno yanafanana mi siziamini kabisa, soma yale ya nyota mbili tatu, hasa uangalie fundi alimjibuje mteja aliyelalamika, pale ndo tabia inaonekana. Halafu tafadhali sana hela usitoe yote mwanzoni, lipa kwa hatua kadri kazi inavyoenda, mwandikishane nani ananunua vifaa, na malipo ya mwisho ubaki nayo mpaka ukague. Akikataa kuandikishana, tafuta mwingine.