Kabla hujagusa injini: kwa mnaoanza kuboresha Datsun 240Z hapa Dodoma

Swali la kwanza la kijana aliyepata Datsun 240Z, awe ameinunua au amerithi ile ya mzee iliyokaa miaka chini ya turubai, huwa ni injini: fundi, niweke ipi? Naelewa linatoka wapi. Mark II na Crown zilizokatwa zipo, injini yao ya 1JZ inapatikana kwa wauza spea, na mlio wake kila mpenda magari anaujua. Jibu langu halijabadilika: injini iache kwanza. Gari hili lilianza kutengenezwa 1969, likaja na L24, silinda 6 kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393, nguvu ya farasi 151 kwa kipimo cha enzi hizo, ndani ya bodi yenye uzito wa kilo 1,000 na ushei. Kwa uzito huo nguvu haijawahi kuwa shida yake. Shida yake ni kusimama, kushika barabara na kupoa, na yote matatu ni magumu zaidi hapa Dodoma kuliko Japani au California, kule ushauri mwingi wa gari hili unakotoka. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua la Oktoba na Novemba ni kali, vumbi halituachi, na kila kijiji kando ya lami kina matuta yake.

Kabla ya kununua spea hata moja, lala chini ya gari. Ukavu wa huku umehifadhi bodi nyingi za zamani, lakini usijipe moyo kama gari lilikaa Tanga au Dar es Salaam kabla ya kufika kwako, maana chumvi ya pwani ikishaingia kwenye bati haitoki kwa kuhamia bara. Kwenye 240Z kutu hupenda sehemu zilezile: chini ya betri, sakafu ya miguuni, mihimili miwili inayopita chini ya sakafu hiyo, chini ya milango, na ile pembe iliyo mbele ya tairi la nyuma. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, hapo kuna puti. Kisha inua pembe moja ya gari kwa jeki huku ukifungua na kufunga mlango wa upande ule. Mlango ukianza kugoma, bodi inajikunja, na bodi inayojikunja huwezi kuipangia suspensheni hata ukinunua shokapu za bei mbaya. Fundi wa kuchomelea atangulie. Hela hiyo haionekani kazi ikiisha, ndiyo maana wengi wanaikwepa. Nawasihi msiikwepe.

Bodi ikiwa nzima, lirudishe gari lilivyotoka kiwandani ndipo uanze kuboresha. Bushi zote za raba zilizokauka, bol jointi, ncha za tairodi (fimbo zinazopeleka usukani kwenye magurudumu), bushi za reki ya usukani, bearingi za magurudumu. Watu wengi wanaosema 240Z inayumba hawajawahi kuendesha 240Z yenye bushi mpya. Kuna wanaokimbilia bushi za poliuritheni, yaani plastiki ngumu badala ya raba, gari zima. Kwenye stabilaiza (fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) ziko vizuri, kwenye mkono wa chini wa mbele, ule unaoshikilia gurudumu kwa chini, pia, mradi zipakwe grisi ya silikoni na kukaguliwa mara kwa mara, kwa sababu vumbi letu huingia na kuanza kusaga na kulia. Ila kuna sehemu moja ya hatari. Ile fimbo inayouzuia mkono wa chini wa mbele usisogee mbele na nyuma ina bushi ya vipande viwili. Ukiweka poliuritheni ngumu pande zote mbili, fimbo inakosa nafasi ya kucheza, chuma kinachoka na mwisho kinakatika, na mara nyingi ni wakati wa kukanyaga breki. Acha raba upande mmoja.

Kwa upande wa nyuma jiandae na ile pini ndefu inayopita kwenye mkono wa chini. Ikikaa miongo bila kutolewa, inashikana na chuma kinachoizunguka kama vile ni kitu kimoja. Usiipige nyundo kichwani, uzi utaharibika na pini itavimba humo ndani. Iloweke mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa, halafu mpelekee fundi mwenye presi.

Sasa kimo cha gari, ambapo ndipo ninapobishana na vijana zaidi. Picha za 240Z zilizoshushwa hadi tairi linaingia ndani ya bodi zinavutia, sikatai. Lakini fikirieni jinsi gari hili linavyofanya kazi. Mbele na nyuma lina shokapu ndefu inayobeba springi na gurudumu kwa pamoja, na chini yake mkono mmoja. Kiwandani mkono ule umeinama kidogo kutoka kwenye bodi kwenda kwenye gurudumu. Ukishusha gari sana, mkono unageuka na kupanda kuelekea gurudumuni. Hapo kile kitovu ambacho bodi huzungukia ikiwa kwenye kona kinashuka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka, na matokeo yake nguvu inayolilaza gari kwenye kona inaongezeka badala ya kupungua. Tena tairodi haiendi sambamba na mkono, kwa hiyo kila ukipita shimo usukani unajivuta wenyewe. Kuna vipande vya chuma vinavyowekwa chini ya shokapu ili kurudisha ule mlalo, na vinasaidia, lakini havikuongezei hata milimita moja ya nafasi kati ya egzosi na tuta la Kibaigwa.

240Z iliposhinda Safari Rally mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 ikiwa na Shekhar Mehta, haikuwa imelala chini. Ilikuwa imeinuka, gurudumu likiwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Ushindi mkubwa wa gari hili ulipatikana kwenye ardhi ya Afrika Mashariki kwa mpangilio huo, na nafikiri sisi tuna sababu kuliko watu wote ya kuuheshimu. Kwa matumizi ya lami ya Dodoma, baki na kimo cha kiwandani au punguza sentimita 2 tu, weka springi ngumu kidogo kuliko za awali, na hela nyingi weka kwenye shokapu nzuri. Halafu ongeza unene wa stabilaiza ya mbele. Faida yake kwetu ni kubwa: stabilaiza hufanya kazi pale gurudumu la upande mmoja linapopanda kuliko la upande wa pili, yaani kwenye kona. Kwenye tuta magurudumu mawili hupanda pamoja, hivyo haiongezi ukakamavu wowote. Unapata kona iliyotulia bila kuadhibiwa kila kijiji.

Kwenye matairi, gari lilikuja na 175 ya rimu 14, saizi ambayo leo kuipata ikiwa na mshiko mzuri ni kazi. Hamia rimu 15. Tairi la 195/65R15 lina kimo karibu sawa na lile la zamani, hivyo kipimo cha mwendo hakidanganyi, na ni saizi inayovaliwa na saluni nyingi za Kijapani mjini hapa. Hata likipasuka Manyoni utapata jingine. Tundu za nati ni 4, kwa duara la milimita 114.3. Angalieni kina cha rimu: rimu za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele huingia ndani mno, na kwenye 240Z tairi litagusa shokapu. Na tafadhali, msiweke matairi ya mtumba kwenye gari la kasi. Tarakimu 4 ubavuni husema wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi la zamani lenye kashata (mikato ya juu) nzuri bado ni raba ngumu, na mvua ya kwanza ya Desemba juu ya lami yenye vumbi na mafuta itakuonyesha.

Breki za mbele za 240Z ni diski, za nyuma drami. Kwa wenzangu wa huku nina habari njema. Kalipa (vishikizi vinavyobana diski) za pistoni 4 za Toyota Hilux ya zamani ya 4x4, zile za miaka ya mwanzo ya 1980, zinafunga kwenye 240Z kwa diski ileile ya awali, ukishakata au kukunja bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski. Hilux hizo na spea zake bado zinapatikana Tanzania. Hakikisha tu ni zile za diski nyembamba isiyo na matundu ya hewa katikati, maana za baadaye ni pana zaidi. Pistoni zikiongezeka, mafuta ya breki yanayohitajika yanaongezeka, na pedali itashuka zaidi kabla ya kushika. Masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, ya awali ni inchi 7/8. Ya Datsun 280ZX, mdogo wake 240Z, ya 15/16 huirudisha pedali juu. Msiende kubwa kuliko hiyo, mguu utachoka bila faida. Badilisheni pia mipira ya breki, kwani ya zamani huvimba kwa ndani na kula nguvu yako hata kama nje inang'aa. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4, ambayo ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 230 wakati DOT 3 ni 205, na uibadilishe kila baada ya miaka 2 kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa. Drami za nyuma zirekebishwe sawasawa kushoto na kulia, basi, hazihitaji zaidi.

Joto nalo lina hesabu yake. Kwa kimo cha Dodoma maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ni presha, na presha inashikwa na mfuniko wa rejeta. Kabla ya kumlaumu mtu kwamba gari linachemsha, nunua mfuniko mpya wa presha sahihi. Pili, acheni kuweka maji ya kisima. Ya kwetu yana chumvi na madini, yanaacha gamba jeupe ndani ya rejeta na kwenye njia za injini. Weka kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa na maji ya betri, nusu kwa nusu. Ukiamua kufunga feni ya umeme, funga na bati la kuelekeza hewa, na usisahau kwamba alteneta ya awali haikutengenezwa kwa mzigo huo. Ya 280ZX ni kubwa na inaingia. Umeme wa taa kubwa kwenye 240Z unapita wote kwenye swichi ya usukani, na masanduku mengi ya fyuzi yameyeyuka hivyo. Weka rilei, swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya usukani, kwa taa na kwa feni. Ni kazi ndogo, na inakuepusha na moto nyuma ya dashibodi.

Hapo ndipo unaruhusiwa kufungua boneti kwa ajili ya nguvu, na bado nasema anza na iliyopo. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani. Kabureta iliyopangwa Dar itamimina mafuta mengi mno Dodoma: plagi nyeusi, gari zito, harufu ya petroli. Kwenye kabureta za Hitachi za mwanzo unapandisha jeti kwa nati iliyo chini, kidogo kidogo, pande zote mbili sawa, hadi plagi zitoke na rangi ya kahawia. Andika umegeuza kiasi gani. Siku ya kushuka Dar lazima urudishe, kwa sababu huko mafuta yatakuwa haba, plagi zitatoka nyeupe na pistoni inaweza kutoboka njiani. Distributa ya 280ZX isiyo na pointi inaingia na inaondoa usumbufu mwingi. Mabomba ya petroli yatenge mbali na joto la egzosi, la sivyo mchana wa Novemba ukizima gari kwa dakika chache halitawaka hadi lipoe.

Badilisha kitu kimoja, endesha, andika, ndipo uende kingine. Ukifunga springi, stabilaiza na matairi siku moja kisha gari likawa zito kwenye usukani, hutajua umuulize nani. Alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) ifanywe dereva akiwa amekaa kwenye kiti, tangi likiwa nusu. Kwa kupima, barabara ya Iringa ina kila kitu: tambarare ya kwenda Mtera kwa ajili ya joto la mwendo mrefu, na milima ya Nyang'oro ambako kupanda kunapima rejeta na kushuka kunapima breki. Nenda asubuhi na mapema, kwa mwendo wa sheria, na mwenzako anayeangalia mishale.

Ukiyamaliza hayo na bado unataka zaidi, kuna L28, sentimita za ujazo 2,753, ndugu wa tumbo moja na L24. Inakaa kwenye vishikio vilevile, na gia boksi ya gia 5 ya 280ZX inakwenda nayo. Nissan Patrol za miaka ya 1980 zilikuwa na L28 za petroli, hivyo ulizia na huko, ila linganisha sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla ya kulipa. 1JZ ni njia nyingine kabisa: waya zote, pampu ya petroli ya presha kubwa, gia boksi, propela shafti, difu, na breki ambazo itabidi uziwaze upya. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadili injini pitia TRA na karatasi za ulikoinunua. Na injini yoyote mpya ikishakaa, rudi kwenye alaimenti na springi za mbele, kwa maana uzito wa pua umebadilika.