Vidoa vyeupe baada ya kemo
Dada, pole na hongera kwa mama kumaliza kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kwa ajili ya saratani ya titi kabla ya upasuaji. Umeuliza kwa nini mamogramu (picha ya eksirei ya titi) bado inaonyesha vidoa vyeupe wakati daktari akipapasa haupati uvimbe tena. Vile vidoa ni chembe za chokaa, na chokaa haiyeyuki kwa kemo. Seli za saratani zinaweza kufa zote, vidoa vikabaki palepale. Kinyume chake pia hutokea: picha safi kabisa, kumbe kuna seli chache zimebaki. Ndiyo maana upasuaji kwa kawaida haufutwi eti kwa sababu picha imependeza.

Kwa kupima uvimbe uliobaki, MRI (picha ya mashine ya sumaku) huona vizuri zaidi, maana hufuata jinsi dawa ya kung'arisha picha inavyoingia penye damu nyingi; kovu la zamani huwa halinyonyi sana. Ila uvimbe mmoja husinyaa kama limau lililokauka, mwingine humeguka vipandevipande, na huo wa pili ndio husumbua kupima. Ulizeni pia kama aliwekewa kichuma kidogo cha alama penye uvimbe kabla ya kemo, kwani ndicho kitakachomwelekeza daktari wa upasuaji. Baada ya hapo, jibu la uhakika hutoka maabara, kwenye nyama itakayokatwa.