Mwenye kadi yangu ya benki ndo anakula mshahara wangu, nianze kulipa deni lipi?

Wapendwa, wiki hii nimepokea barua nyingi za madeni kuliko za ndoa, na nikizisoma vizuri naona nyingi ni za ndoa pia. Nimechagua 3. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana najua iko nyumba nyingi.

SWALI
Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina watoto 3, mume wangu ni fundi umeme wa majumbani. Mshahara ukishakatwa mkopo wa benki nabaki na 420,000. Mume kazi zikiwepo analeta kama 250,000 kwa mwezi, zikikauka ni 150,000. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikopa laki 5 kwa mtu hapa mtaani kwa ajili ya kodi na mahitaji ya shule, riba asilimia 20 kwa mwezi, akachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri. Kila mshahara ukiingia anatoa laki 1 yake ndo ananipa kadi nikatoe kinachobaki halafu narudisha. Sasa ni mwezi wa 7 nalipa na bado ananidai laki 5 ile ile. Kikoba nadaiwa 330,000, rejesho 110,000 kwa mwezi bado miezi 3, ila hisa zangu zimefika 400,000 na tunavunja Desemba. Duka la Mangi 85,000. Halafu nikakopa kwenye apu 2 za simu, zote 105,000, nimechelewa siku 9 wameanza kutuma meseji kwa watu walioko kwenye simu yangu mpaka kwa mwalimu mkuu eti mimi ni tapeli. Mume anajua kikoba tu. Shangazi nachanganyikiwa, nianze na lipi na watoto wale nini? Nina cherehani ila sijaigusa miaka 2. — Mwalimu, Mbagala

JIBU
Marahaba mwanangu. Kwanza pole, na meseji ile kwa mwalimu mkuu iliniuma na mimi nilipoisoma. Wewe sio tapeli, mtu aliyekopa laki 5 akalipa laki 7 hawezi kuitwa tapeli na yeyote.

Sasa chukua daftari, sio kichwani, daftari. Nimepiga hesabu ya mwezi mbaya wa mume wako maana bajeti ya nyumba inapigwa kwa mwezi mbaya, mzuri ukija ni neema. 420,000 na 150,000 ni 570,000. Kodi nimekisia 60,000 kwa vyumba 2, chakula 8,000 kwa siku ni 240,000, luku na maji 25,000, mkaa na gesi 25,000, nauli 30,000, akiba ya dawa na shule 20,000. Hiyo ni 400,000. Zako zikiwa tofauti badilisha, ila usiondoe kitu ambacho mnakitumia kweli. Inabaki 170,000. Lakini wewe kila mwezi unatoa laki 1 ya mkopeshaji na 110,000 ya kikoba, jumla 210,000. Unaona hapo? Kila mwezi mbaya una shimo la 40,000, na hilo shimo ndo limekuwa deni la Mangi, likawa apu ya kwanza, apu ya kwanza ikalipwa na apu ya pili. Matumizi yako hayana anasa yoyote, hesabu tu ilikuwa haifungi tangu mwanzo na hakuna aliyekaa na wewe ukaiona.

Ndo maana sikuambii ule mlo mmoja ili ulipe haraka. Nimeona wanawake wengi wanafanya hivo, anabana chakula wiki 2 wiki ya tatu mtoto anaumwa, hana hata elfu 10 ya hospitali, anarudi kwa yule yule mkopeshaji. Chakula, kodi na ile 20,000 ya dharura vinakaa juu ya madeni yote. Deni linalipwa na kinachobaki.

Sasa huyo mwenye kadi. Huo mkopo ndo watu wanaita kausha damu na jina limekaa. Benki Kuu iliweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, hawa wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki 5 yako hiyo ni 17,500. Yeye anachukua 100,000. Na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mtu anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, kwa hiyo muulize leseni yake iko wapi, kwa upole tu, kama hana atajua unajua. Halafu kuna ile kanuni ya watumishi kwamba makato yasizidi, ubaki na angalau theluthi moja ya mshahara, imewekwa ili mtumishi asifanye kazi mwezi mzima akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye kadi yako anaipita hiyo kanuni kwa mlango wa nyuma, kwake hakuna mwajiri anayehesabu theluthi.

Kadi lazima irudi. Namba ya siri ni yako peke yako, benki yoyote itakuambia hivo, akikataa kuirudisha nenda tawini ukaifunge wapewe taarifa upate nyingine. Ila mwanangu usifunge kadi ukakimbia deni. Nenda kwake na mume wako pamoja na mtu mzima mnayemheshimu wote, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, ukiwa na orodha ya tarehe 7 ulizolipa, mwambie nimeshakupa laki 7, nataka nilipe mtaji nimalize, kuanzia mwezi huu nakuletea 150,000. Andikeni karatasi, msaini, kila ukilipa akusainie na ulipe kwa simu ili meseji ibaki. Akikubali kusimamisha riba umemaliza ndani ya miezi 4. Akigoma kusimamisha riba lakini akakubali tu kila unachozidisha kipunguze mtaji, nimepiga, ni miezi 6 na elfu chache za mwezi wa 7. Ona tofauti yake na sasa, laki 1 kila mwezi milele na deni liko pale pale.

Hiyo 150,000 inatoka wapi? Kikoba. Ongea na mwenyekiti na mweka hazina kabla ya siku ya kikao, usiwavizie mbele ya watu, uombe rejesho lisimame na deni la 330,000 likatwe kwenye hisa zako mkivunja Desemba. Vikoba vingi katiba inaruhusu kwa sababu hisa zako ndo dhamana yenyewe. Riba ya kikoba imeshahesabiwa, haiongezeki kila mwezi kama ya huyu bwana, kwa hiyo hela inayokwenda kikoba sasa hivi ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye deni la asilimia 20. Najua itauma, Desemba wenzako watabeba laki 4 wewe utabeba 70,000 na faida kidogo. Hiyo ndogo ipeleke moja kwa moja kwenye madaftari na sare za Januari, usiiguse kwa sikukuu, maana Januari ndo mwezi uliokuingiza huku. Ada iliondolewa shule za serikali tangu 2016 lakini sare, viatu, mabegi na michango viko pale pale na tarehe yake tunaijua mwaka mzima. Kikoba wakikataa, omba miezi 3 iwe 5, ushuke mpaka 66,000, basi mkopeshaji umpe 84,000 na zilizozidi za mwezi mzuri wa mume, na hapo lazima upambane riba isimame maana 84,000 haifikii hata riba ya kwanza.

Apu za simu. Uliandika mwishoni kabisa kwamba una cherehani hujaigusa miaka 2. Iuze. Ikipata 150,000, lipa apu zote 2, 45,000 mpe Mangi siku hiyo hiyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na apu 69 zinazokopesha bila leseni, angalia kama za kwako zimo. Na zile meseji kwa watu usizifute, piga picha kila moja, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na kuna Tume yake inayopokea malalamiko, kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kukuanika kwa mwajiri wako. Ukishalipa ondoa apu, na kwenye mipangilio ya simu funga ruhusa ya kuona namba za watu.

Mangi hatozi riba, amekulisha, usimkwepe kwa kupita njia ya nyuma. Mpe hiyo 45,000, zinazobaki elfu 20 kwa mwezi miezi 2, na mwambie mbele ya watoto kwamba daftari limefungwa, wakija na kikaratasi asiwape.

Halafu mume. Hapa ndo pagumu kuliko kwa mkopeshaji, najua. Mimi mwenyewe niliwahi kuficha deni la laki 8 miezi 11, nikawa nikisikia hodi moyo unaruka, nikawa mkali kwa watoto bila sababu, na siku nilipomwambia baba watoto alikasirika siku 2, siku ya tatu akaniuliza tu, tunadaiwa na nani mwingine? Lile "tunadaiwa" nililia. Usimwambie akiwa ametoka kazini na njaa wala siku ambayo mmegombana. Jumapili mchana, watoto wakiwa nje, weka daftari mezani, mwambie baba fulani nimekosea kukuficha, hesabu nzima hii hapa, hakuna nyingine. Na iwe kweli hakuna nyingine, kwa sababu deni la pili likigundulika baadae ndo linavunja nyumba. Mpe na yeye kazi kwenye huo mpango: akipata mwezi wa 250,000, ile laki 1 iliyozidi nusu iende kwa mkopeshaji nusu iwe ya Januari, na yeye ndo aishike.

SWALI
Anti nimetoka kupokea mchezo laki 6. Nadaiwa laki 4 riba 15% kwa mwezi. Shoga yangu anasema nichukue mtumba grade one nizungushe faida italipa deni. Unasemaje? — Dada wa Tabata

JIBU
Lipa leo. Laki 4 kwa asilimia 15 ni 60,000 kila mwezi, mzigo wako wa kwanza wa mtumba lazima ukupe 60,000 juu ya nauli, juu ya mkopo wa wateja wanaosema nitakulipa mwisho wa mwezi, ndo uanze kuhesabu faida. Laki 2 inayobaki anza nayo belo ndogo ya mtumba ya kugawana na mwenzako. Na kama mko wanawake 5 mnaoaminiana ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye kata yenu, mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ilirudi 2024, haina riba, asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Inachelewa, makaratasi mengi, lakini haina riba.

SWALI
Shangazi shikamoo. Nimeajiriwa Mwanza miaka 2 sasa. Bodi ya mikopo inakata asilimia 15, nalipa na deni la pikipiki, nina mke na mtoto mchanga. Nyumbani kijijini wananipigia kila wiki, mara mbolea, mara msiba, mara mdogo wangu kafukuzwa michango. Nikisema sina mzee anasema mjini pamekubadilisha. Nikituma, nakopa. — Kijana wa Nyegezi

JIBU
Marahaba baba. Wewe deni lako kubwa ni hao unaowapenda na hutakiwi kuacha kuwapenda. Kosa moja tu, kijiji hakimo kwenye bajeti yako, kwa hiyo kila simu inakukuta kama ajali. Miezi 3 iliyopita umetuma jumla shilingi ngapi? Angalia kwenye simu, zote zipo. Gawa kwa 3. Nina hakika ni zaidi ya unavyodhani. Ukipata mathalan 90,000 kwa mwezi, kaa na mke wako mkubaliane 60,000, iingie kwenye daftari mstari wa tatu, baada ya chakula na kodi, kabla ya pikipiki.

Halafu safiri, jambo hili halisemwi kwa simu. Nenda na sukari yako na mjukuu, keti na mzee jioni, mwoneshe karatasi ya mshahara na makato yake. Wazazi wetu wengi hawajawahi kuiona, wanasikia tu mtoto kaajiriwa. Mwambie baba, kila tarehe 28 itaingia 60,000, nyinyi wenyewe mtajua mwezi huu ni mbolea au ni michango ya mdogo wangu. Msiba ni jambo lingine, weka elfu 10 pembeni kila mwezi kwa ajili hiyo, mwaka ukiisha haujatumika unanunua bati la nyumba ya mama.

Mwezi wa kwanza atapiga tarehe 15. Pokea, msalimie, mwulize mvua, mwambie tarehe 28. Na tarehe 28 ikifika itume asubuhi kabla hajapiga.