Vijana wa Fimbo, Fundo Halifungwi Kavu

Jumamosi nilikaa juu ya jiwe kando ya mto Suam, mpakani mwa Uganda na Kenya, nikiwatazama vijana wawili wakimwongoza mgeni kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa fimbo na nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya. Ndani ya dakika kumi walimaliza makosa yote ambayo mimi yalinichukua miaka minne. Mmoja alivaa jaketi jekundu la mpira, jua liko mgongoni, kivuli chake kimelala kidimbwi kizima. Trauti wa pale nadhani saa hizi wameshakimbilia Turkwel, kule chini mto unakoelekea. Mbele ya mgeni nilinyamaza, maana kumsahihisha mwenzako kazini ni kumvua nguo. Leo mgeni hayupo.

1. Trauti huelekeza kichwa maji yanakotoka, kwa sababu chakula chake huletwa na mkondo. Mwendeeni kutoka chini, mkipanda, tena polepole. Hata mwaka jana nilisema hivi hivi.

2. Kabla hujarusha mbele, tazama nyuma. Mto wetu si kiwanja cha gofu. Huku juu kuna mianzi, kule chini kuna migomba na kahawa, na nzi wako hupenda kahawa kuliko samaki. Jifunzeni kurusha kwa kuviringisha, mshipi usirushwe nyuma yenu. Na nzi akinasa kwenye mti wa kahawa wa mtu, msivunje tawi! Mimi nililivunja moja lenye matunda mabichi, nikadhani sijaonekana. Bibi mwenye shamba alitoka na kikapu, akanikalisha chini nikamchumia kahawa hadi saa tisa, mgeni wangu akipiga picha. Zile picha bado anazo.

Halafu kumbukeni, mahali pengine ng'ambo ya mto ni Kenya. Ukirusha vibaya umevuka mpaka bila pasi.

3. Fundo. Hapa nikae kidogo.

Nilikuwa na mgeni, mzee wa miaka 74, Mwingereza aliyewahi kufundisha Kenya ujanani, Kiswahili chake bado kipo ingawa kina kutu. Alirusha vizuri kuliko mimi. Tatizo lake lilikuwa macho: tundu la ndoana ndogo ya namba 16 hakuliona tena, hata kwa miwani miwili. Kwa hiyo mafundo yote yalikuwa yangu. Ukiondoa kubeba chai, hiyo ndiyo kazi aliyonilipia.

Siku ya tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulimwona trauti chini ya jiwe lililoinama. Mkubwa, kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Mzee akanipa uzi, akasema, "Badilisha nzi, mweke yule mweusi." Simu yangu ikalia. Shemeji, habari za ng'ombe. Nikaibana simu kwa bega, nikapitisha nailoni kwenye tundu, nikazungusha mara tatu badala ya tano, sikuilowesha kwa mate, nikavuta kwa nguvu mara moja. Niliusikia ule mlio mdogo wa nailoni kavu ikijisugua. Niliusikia, nasema. Nikamrudishia.

Alirusha mara moja tu. Nzi akashuka na mkondo taratibu, jiwe likafunguka mdomo, fimbo ikapinda. Trauti akaruka, ule utepe wa waridi ubavuni ukawaka kwenye jua. Akaruka tena. Mzee anacheka kama mtoto, anamwachia uzi, anaurudisha. Mimi nimeshaingia majini na wavu, hatua mbili zimebaki. Fimbo ikanyooka.

Nikasema haraka, kabla hata hajageuka, "Mzee, jiwe limekata."

Hakujibu. Alivuta mshipi wote, akaitafuta ncha ya nailoni kwa vidole, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa imejikunja kama mkia wa nguruwe. Nyinyi mnajua maana yake: uzi uliokatwa na jiwe huwa na ncha iliyochakaa, uliojikunja hivyo ni fundo lililoteleza. Yeye, ambaye hakuona tundu la ndoana, alikuwa ameisoma kwa kidole gumba. Akaniuliza, "Jiwe la huku husuka nywele?"

Ningekuwa na pa kujificha ningejificha. Samaki hupotea, mgeni yeyote mvuvi anaelewa. Kilichoniuma, na mpaka leo kinaniuma nikikaa peke yangu, ni ule uongo uliotoka kabla hata maji hayajatulia. Alinipa bahashishi yake kamili siku ya kuondoka. Afadhali angeninyima.

Basi: zungusha mara tano, lowesha, vuta polepole, kisha livute kwa mikono kama unagombana nalo. Simu iache kwenye begi. Ng'ombe watangoja.

4. Maji yakibadilika rangi, au yakianza kuleta majani na vijiti, toka. Anga juu yako linaweza kuwa jeupe kabisa huku mvua inamwagika kileleni. Usimalize "mrusho mmoja tu wa mwisho". Chukua mgeni, panda ukingo, kunyweni chai.

5. Bana kwa koleo kile kimwiba cha nyuma kwenye ncha ya ndoana. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki utakayemrudisha. Kipimajoto kikifika nyuzi 20, acheni kuvua, trauti anaweza kufa hata akiondoka anaogelea. Kibali cha kuvua kiwe mfukoni, si nyumbani.

6. Namba sita nimeisahau. Ilihusu rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai: msile mkiwa mmekaa mbele ya mgeni aliyebeba biskuti mbili. Mnunulieni na yeye.

Wewe wa jaketi jekundu, kofia yako niliiokota pale juu ya jiwe. Pitia uichukue, njoo na nailoni inayohimili ratili nne. Utanifungia mafundo ishirini ndipo nikupe.