Karakana ya vikapu kijijini: niliyoyaona Rufiji

Ndugu yangu, umeuliza kama karakana ya kazi za mikono inaweza kweli kuleta ajira kijijini kwenu, na kama uanze na mafunzo au utafute oda kwanza. Mimi ni msukaji wa ukindu, mzaliwa wa Rufiji, ng'ambo ya kusini ya mto, na ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Ajira zinakuja, nimeziona kwa macho yangu. Ila uliza kwanza kazi inamalizikia wapi, huko huko kijijini au mjini. Hapo ndipo penye faida na hasara yote.

Mama yangu alikuwa akisuka mikeka na kuivusha mto kwa kivuko cha Ndundu kwenda kuiuza Ikwiriri. Kivuko kikisimama, mikeka inalala ndani. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mambo yakageuka, wanunuzi wakaanza kutufuata mlangoni. Mmoja wao alikuwa na karakana Dar es Salaam. Hakutaka mikeka, alitaka ukili mtupu. Sisi tusuke, yeye akashone vikapu mjini.

Kwa asiyeijua kazi hii: unakata kuti changa la mkindu, unalianika mpaka liwe jeupe, unalichana nyuzi nyembamba, nyingine unazichemsha na rangi, kisha unasuka utepe mrefu. Utepe huo ndio ukili. Kikapu au mkeka ni ukili ulioshonwa ubavu kwa ubavu.

Tulilipwa kwa pima, shilingi 500. Pima, kama ujuavyo, ni mikono miwili iliyonyooshwa. Sasa yule mnunuzi alikuwa akimtuma kijana mmoja mrefu sana kuja kupima. Nakumbuka shangazi yangu amekaa kizingitini na furushi lake, amelipima usiku kwa mikono yake mwenyewe, pima ishirini. Yule kijana akanyoosha mikono, akahesabu kumi na saba na kipande. Shangazi hakusema neno, akapokea hela ya kumi na saba. Hakuna aliyeiba kwa panga, lakini kazi ya siku mbili ilipotea pale mlangoni, na sisi wote tuliokuwepo hatukuwa na cha kubishia.

Ukizidisha hesabu utaona tulikuwa tunaacha nini. Kikapu cha ukubwa wa kawaida kinakula kama pima tano, yaani shilingi 2,500 kwa msukaji. Karakana ya pili iliyokuja kufanya kazi nasi ilitulipa 12,000 kwa kikapu kilichokwisha, kimeshonwa, kina kitako, bitana na mikanda ya ngozi. Ukitoa uzi, kitambaa na ngozi, kama 3,000 hivi, zinazobaki hazilingani kabisa na zile za ukili. Ukindu ni ule ule, mikono ni ile ile, tofauti ni kujua kushona na kumalizia.

Ndiyo maana naziheshimu karakana zinazofundisha, ila zinazofundisha kazi nzima. Hawa wa pili walituletea fundi mwanamama, akakaa nasi wiki tatu. Siku ya kwanza hakugusa ukindu. Alichukua fimbo akaikata sentimita 180, akasema hii ndiyo pima ya hapa kuanzia leo, akamkabidhi mwenyekiti wetu. Kisha akakata kipande cha ubao mwembamba na kukitia pengo la sentimita tano: ukili unaopita katika pengo bila kubanwa wala kulegea, huo ndio upana wake. Kila mama akapewa kibao chake. Niamini, vile vibao vilitusaidia kuliko semina zote tulizowahi kuitiwa na kunyweshwa soda.

Tulijifunza umuhimu wake kwa maumivu. Mwaka mmoja kabla, tulikuwa tumepokea oda ya vikapu 200 kutoka kwa mteja mwingine wa mjini. Tulikuwa akina mama kama thelathini, kila mmoja na shubiri yake. Vikapu 60 vikarudishwa, vingine mdomo mpana, vingine vimeinama upande. Hatukulipwa hata nauli. Wanawake tisa waliacha kikundi mwezi ule, na sikuwalaumu, maana walikuwa wameshakopa sukari na unga dukani kwa kutegemea hela ile. Kwa hiyo ukiniuliza mafunzo au oda, nasema anza na vyote viwili vikiwa vidogo. Toa oda ya vikapu ishirini, kosa linaloonekana lirekebishwe pale pale, na kazi ilipwe siku inayopokelewa. Na siku za kujifunza zilipe posho. Mama anayeacha shamba kuja kujifunza kushika shazia, ile sindano kubwa ya kushonea ukili, ana watoto wanaosubiri kula jioni. Ukimfundisha bure kwa mwezi mzima, wanaobaki ni wale wasio na shida, na hao siyo uliowakusudia.

Kuna mabinti watatu waliomaliza kidato cha nne, wakawa wamekaa tu nyumbani. Fundi aliwaweka kwenye cherehani washone bitana. Mmoja leo anashona sare za shule kwa ajili ya kijiji chetu na cha jirani. Karakana imempoteza kama mshonaji wake, lakini wale jamaa hawakununa, walimnunulia mkasi. Nilipenda sana jambo lile. Ukimfundisha mtu, mwache aende na ujuzi wake.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni mkindu wenyewe. Oda ikikua, visu vinakua. Mwenye haraka anakata mpaka kilele, na ukikata kilele shina lile limekwisha. Mwaka 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku kuanzia Juni 1, vikapu vya kwendea sokoni viliuzika kwetu kuliko miaka yote niliyoijua. Tulifurahi, halafu tukajikuta tunatembea mbali zaidi kila wiki kutafuta makuti. Sasa tuna utaratibu: kila mti unakatwa kuti changa moja, na mti uliokatwa unapumzishwa. Wakataji wapya wanafundishwa na bibi mmoja wa kikundi, haendi mtu porini peke yake mpaka bibi aridhike. Karakana yako isiponunua kwa wanaofuata utaratibu kama huo, miaka michache utakuwa na mafundi wasio na ukindu.

Halafu kalenda. Kwetu msimu wa mpunga watu wanahamia mashambani, wanaishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kuwinga ndege, yaani kuwafukuza. Mtu wa mjini akisikia hivyo anadhani kazi imesimama. Haijasimama. Ukili unasukwa juu ya dungu, unasukwa hata njiani mtu akitembea, kwa sababu hauhitaji meza wala mashine. Kinachosimama ni kushona. Tulipowaeleza karakana jambo hili, wakapanga ukili uandaliwe msimu wa mpunga na vikapu vishonwe baada ya mavuno. Oda hazikuchelewa tena, na hakuna mama aliyelazimika kuchagua kati ya chakula na hela.

Isipokuwa Aprili 2024. Mafuriko yalitupiga Rufiji na wenzetu wa Kibiti, mashamba yakazama, na ukindu uliokuwa ndani ukaota kuvu kwa sababu hapakuwa na jua wala pa kuanika. Tulikuwa na oda mkononi. Niliwapigia simu karakana nikiwa natetemeka, nikijua watavunja mkataba. Wakasema leteni mtakapoweza, na wiki ile ile wakatuma nusu ya malipo kabla hawajaona kikapu hata kimoja. Vikapu vilifika Septemba, vyote, hakuna kilichorudishwa.

Kuhusu msaada wa serikali nitakuwa mfupi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, anayejua kazi aliyoipatia nje ya darasa anapimwa na kupewa cheti, waulizie mafundi wako. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wapo tangu 1973 na wanafundisha wajasiriamali wadogo. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, na baada ya kusimamishwa 2023 ilirejeshwa 2024. Kikundi kisajiliwe mapema, usingoje mpaka oda iko mlangoni.

Na kabla hujanunua mashine yoyote, kata fimbo ya sentimita 180. Uwape wasukaji waishike, wewe usibaki nayo.